Majani ya Mfungo Mosi

Watu wa Marodoka, kijiji cha kisiwa cha Nosy Be, walimwita Nourdine "Bwana Mwezi", na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Kwa kazi alikuwa mshonaji: kanzu, suruali za shule, mara moja moja gauni la harusi. Lakini kila mwezi ulipokaribia kuandama, ni yeye aliyetangulia ufukweni na kundi zima nyuma yake, ni yeye aliyenyoosha kidole, na wazee wenye ndevu nyeupe wakakubali kufunga au kufungua kwa kidole cha fundi cherehani. Hesabu yake ilikuwa ya mifungo, kama walivyohesabu babu zake: Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka mwaka ukazunguka. Maneno hayo ya Kiswahili cha kale yalikuwa yamebaki vinywani mwa watu wachache tu, maana nyumbani walisema Kikomoro na sokoni Kimalagasi. Kalenda ya Kifaransa aliyopewa bure na Mhindi mwenye duka aliikata vipande, akavifanya ruwaza za kukatia kola.

Basi mtu huyu aliyeuona mwezi kabla ya watu wote ndiye aliyejaaliwa mke ambaye macho yake yanakufa. Mariama alianza kwa kujikwaa. Akajikwaa kwenye ndoo, kwenye kizingiti, kwa kuku; wakacheka. Kisha akawa hakioni kilicho ubavuni mwake mpaka akigeukie, na magharibi ikiingia alitembea ameshika ukuta. Hapo kicheko kikakatika. Wakaenda mjini Hell-Ville kwa daktari. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu uhuru, bendera mpya imeshaanza kupauka kwa jua, na daktari alikuwa bado Mfaransa yuleyule. Akamulika, akatazama sana, akazima taa yake. Akasema macho hayo yanajifunga kutoka kandoni kwenda katikati, polepole, na kwamba dawa hana, wala huko Ulaya hawana.

"Kama kuna kitu mkeo anatamani kukiona," alisema akimtazama Nourdine, "basi akione."

Njiani Nourdine alimuuliza kuna nini anachotamani. Alitegemea kusikia Maka, au Ngazija walikotoka wazee wao, na tayari alikuwa akiwaza atalipia nini. Mariama alitembea mpaka walipofika kwenye mashamba ya mlangilangi, akasimama.

"Majani," akasema.

"Majani gani?"

"Yanayopukutika."

Nourdine alitazama huku na huku. Nosy Be ni kijani mwaka mzima. Jani likianguka, mwenzake ameshachukua nafasi yake kabla mtu hajageuka. Hajawahi kuona mti uliovuliwa nguo, na hakujua kama kuna mtu anaweza kusafiri kwa ajili hiyo.

Ndipo Mariama akamwambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia. Yeye alizaliwa Mahajanga. Baba yake alipokufa, mama yake, Koultoum, alishindwa kumlea, akampandisha lori akamleta Marodoka kwa mama mdogo Ansoifa. Ilikuwa mwaka uliofuata ule ambao vita vya Wazungu vilikwisha, na Mariama alikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Njiani walipita msitu ambao wote ulikuwa wa manjano na mwekundu, na majani yalikuwa yakianguka ndani ya lori, mapajani mwake, kichwani mwa mama yake, na mama alikuwa akicheka. Alimwacha Marodoka, akarudi Mahajanga, na mwaka haukwisha akafa.

"Sura ya mama yangu nimeipoteza, Bwana," akasema. "Nikiitafuta kwingine kote siipati. Imebaki mle ndani ya majani yale tu. Nikiyaona tena, nitamwona. Nataka nimwone kabla sijafungiwa."

Nourdine alimpenda mkewe, na tuseme kweli, alikuwa pia mtu wa kupenda kutengeneza mambo. Akauliza kama hakimu: "Ilikuwa mwezi gani?"

"Sijui mwezi. Najua nilikuwa nimevaa gauni la Idi. Jipya, bado lina harufu ya dukani. Majani yalijaa juu ya maua yake."

"Idi ya Ramadhani au ya kuchinja?"

"Ya Ramadhani. Nilikuwa nimefunga nusu siku kwa mara ya kwanza, na gauni lilikuwa zawadi yangu."

"Basi ni Mfungo Mosi," alisema Bwana Mwezi, na kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha.

Tangu siku hiyo, kila baada ya Alasiri, safari ilipangwa juu ya meza ya kukatia nguo. Nourdine alichora njia kwa chaki na kuweka kifungo penye kila mji: cheupe Antsahampano, watakaposhuka kwenye mashua, cha mfupa Ambanja, cha bluu Antsohihy, cheusi kikubwa Mahajanga. Penye msitu, kabla kidogo ya kufika Mahajanga, aliweka kifungo chekundu cha koti la mwanamke. Mariama alipitisha kidole kutoka kifungo hadi kifungo, akiuliza: hapa tutalala wapi? Hapa kuna mto? Nitakaa upande gani ili msitu uje mbele ya jicho langu na si kando? Walibishana juu ya chakula cha njiani, juu ya mto wa kukalia, juu ya kama mikate ya kumimina itafika Antsohihy bila kuchacha. Nourdine akanunua kitambaa cha maua, akaanza kumshonea gauni la Idi linalofanana na lile la utotoni, kadiri alivyoelezwa. Hawajawahi kufurahi namna ile, na mimi nasema ile ndiyo safari waliyosafiri, ile ya mezani.

Lakini Nourdine alikuwa na haya. Angewaambiaje watu wa Marodoka kwamba anavuka bahari na mito kwenda kutazama majani makavu? Wangemtania mpaka watoto wake, kama Mungu angemjaalia, wangerithi utani huo. Kwa hiyo kwa kila aliyeuliza alijibu kwamba wanakwenda Mahajanga kuzuru kaburi la mkwewe. Lilikuwa jibu la heshima, na hakuna aliyelitilia shaka.

Mwezi wa Mfungo Sita ulipita, Maulidi yakasomwa. Mwezi uliofuata alikuja Hamidou, mtoto wa mama mdogo Ansoifa, aliyelelewa pamoja na Mariama kwa sufuria moja. Yeye alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Antsahampano na Mahajanga, mtu wa sauti kubwa na kucheka. Marehemu Ansoifa alizoea kusema kwamba mwanawe anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji," alisema akipokea maji, "njia imekauka vizuri. Kesho kutwa narudi na lori tupu. Mweke dada mbele pamoja nami, wewe kaa nyuma na cherehani yako, tukazuru hilo kaburi."

"Bado," Nourdine akajibu. "Tutakwenda Mfungo Mosi."

Hamidou alimkodolea macho. "Kwani kaburi nalo lina msimu?"

"Nina sababu zangu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema Hamidou, akacheka, akamaliza maji yake.

Mariama alikuwa nyuma ya pazia. Hamidou alipoondoka alitoka, akajishikiza kwenye meza, kidole chake kikakitafuta kifungo chekundu. "Bwana," akasema taratibu, "si tungekwenda tu? Sasa hivi naona. Sijui huko mbele."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nourdine angeweza kusema ndiyo. Lakini alishaihesabu ile miezi, alishaitangaza, na mtu aliyezoea kuaminiwa na mtaa mzima hujiamini hata anapokosea. Akamshika mkono mkewe kwa upole wote.

"Tukienda sasa tutakuta majani bado yako mtini, halafu nauli na nguvu za macho yako zimekwenda bure. Kila kitu na mwezi wake, Mariama. Niachie mimi miezi."

Akamwachia. Alikuwa mke mwenye adabu, na tena alikuwa akimwamini.

Ramadhani ilikuja na mvua. Si manyunyu, mvua ya kupiga mabati mpaka imamu hasikiki. Wakati huo Mariama alikuwa akiuona ulimwengu kwa tundu kama la kifungo: uso wa mtu bila mabega yake, kikombe bila sahani. Jioni ya mwezi wa Idi mawingu yaligawanyika kidogo juu ya bahari, na Nourdine akanyoosha kidole, na watu wakapiga takbiri. Alirudi nyumbani mbio akamvisha mkewe gauni jipya, ingawa safari ilikuwa bado. Mariama alilipapasa maua yake, akasema linafanana, akalia.

Kutoka Ambanja Hamidou alileta habari kwamba njia haipo. Mito imevimba, vivuko vimesimama, lori lake limelala chini ya turubai. "Subirini ukame," alisema. "Hakuna dereva mwenye akili anayeshika njia ile sasa." Nourdine hakumsikiliza. Mfungo Mosi ulikuwa unakwenda na siku zake, na macho yalikuwa yanakwenda nao. Akaviokota vifungo vyote vya njia mezani, akaacha cheusi na chekundu, wakapanda meli ya mwambao mpaka Mahajanga.

Mariama alitapika safari nzima. Mahajanga ilikuwa na matope hadi kifundo cha mguu. Walifikia mtaa wa Mahabibo kwa jamaa wa mbali, na asubuhi Nourdine akamtafuta mwenye teksi, mzee mmoja mkimya aliyeitwa Mroivili, mwenye Peugeot iliyozeeka kama yeye. Alipoambiwa wanataka kupelekwa msituni Ankarafantsika, mzee aliuliza kama kuna mtu wa kuchukuliwa huko. Nourdine akasema hakuna. Mroivili akatazama mawingu, akamtazama mwanamke aliyeshikwa mkono, akawafungulia mlango.

Walikwenda mwendo wa kobe, gari likiteleza. Mariama alikaa mbele kama walivyopanga, gauni la Idi chini ya shiromani, shuka lake la kujitanda, uso wake ameuelekeza kwenye kioo, hapepesi. Kila baada ya muda aliuliza kama wamefika. Mwishowe miti ilisogea pande zote mbili za njia na Mroivili akasimamisha gari.

Ulikuwa msitu, kweli, tena mkubwa. Na ulikuwa kijani. Kijani kibichi, kizito, kinachochuruzika maji, jani juu ya jani, hata mahali pa kupitisha mkono hapakuwapo. Hakukuwa na jani hata moja la manjano. Nourdine alishuka kwenye mvua, akaingia ndani hatua kadhaa, akainama akapekua chini ya miti kama mtu aliyedondosha ufunguo. Matope na uyoga.

Akiwa ameinama hivyo ndipo akili yake, iliyolala mwaka mzima, ikaamka. Akajikumbuka mtoto, mwaka wa funga yake ya kwanza, miaka ileile ya baada ya vita. Walikuwa wakifuturu na upepo mkavu wa baridi, na huko Dzamandzar miwa ilikuwa ikikatwa, yeye na wenzake wakiiiba na kuificha mpaka magharibi. Na Ramadhani hii aliyotoka kuifunga, miwa ilikuwa imesimama mashambani na maji miguuni. Ramadhani haikai kitako. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Huipita mvua, huupita ukame, huzunguka mwaka wote. Nani asiyejua hilo? Yeye mwenyewe aliwafundisha watoto wa mtaa. Mariama alivaa gauni la Idi wakati wa kiangazi, kwa sababu miaka ile Idi iliangukia kiangazi. Mwezi ulikuwa umetembea, na msitu ulibaki palepale ukipukutisha majani yake kwa wakati wake, hata siku ile Hamidou alipoketi barazani amejaa vumbi.

Alirudi garini akasimama mlangoni, maji yakimtiririka usoni.

"Bwana, umenyamaza," akasema Mariama. "Mimi naona giza la kijani tu. Ni macho yangu?"

Angeweza kusema ndiyo, ni macho. Uongo huo ulimjia mpaka kwenye ulimi.

"Si macho yako," akasema. "Ni mimi. Nimekosea msimu. Majani huanguka wakati wa ukame. Tulipaswa kuja na Hamidou."

Mariama aliukaza mkono wake juu ya mpini wa mlango. Mroivili alishuka akaenda kutazama tairi ambalo halikuwa na kasoro.

"Nilikuuliza," akasema Mariama.

"Uliniuliza."

Mroivili akawarudisha Mahajanga. Kesho yake walikwenda makaburini, ili angalau ule uongo wa Marodoka uwe kweli. Lakini mvua ilikuwa imeotesha nyasi hadi kiunoni, na hakuna aliyekumbuka Koultoum alilala upande gani. Walisoma dua wakiwa wamesimama penye njia, kwa ajili ya wote.

Wakarudi nyumbani. Kabla mvua hazijakatika, lile tundu la kifungo likazibika. Alibaki anajua mchana na usiku, basi. Nourdine akaacha kwenda ufukweni. Watu walimfuata wakimwita Bwana Mwezi, Bwana Mwezi, mwezi unaandama leo. Akawajibu kwamba macho yanamuuma. Mmoja akatania kwamba mke amemwambukiza. Nourdine akamrushia mkasi, na nusura umpate.

Ukame uliporudi, Hamidou alikuja tena na vumbi lake, na safari hii Nourdine alimwambia kweli yote. Kile kicheko chake kikazimika.

"Majani?" akasema. "Shemeji, si ungesema! Siku ile nilipokuja nilikuwa nimetoka kuyafagia ndani ya lori kwa ufagio." Papo hapo akaona kwamba neno hilo ni bora angelimeza.

Mariama akasema kutoka nyuma ya pazia: "Nipelekeni."

"Dada, utaona nini sasa?"

"Nimesema mnipeleke."

Walisafiri Mfungo Sita, wenzao Marodoka wakiwa katika Maulidi. Antsahampano, Ambanja, Antsohihy: kifungo baada ya kifungo, kama walivyopanga mwanzo. Mariama alikaa kati ya wanaume wawili, gauni la Idi mwilini. Hakula sana. Siku walipoingia msituni, Hamidou alipunguza mwendo bila kuambiwa, na Nourdine akaona.

Akaona manjano ya kila namna, na wekundu, na hudhurungi, na matawi matupu juu yakichora mbingu. Upepo ulipovuma kidogo tu, msitu mzima ukaachia, majani yakashuka kwa maelfu pasipo haraka. Uzuri ule ulimtia uchungu hata akataka kuukataa. Hamidou alisimamisha lori. Nourdine akamshusha mkewe, akamketisha chini ya mti, na majani yakaanza kumwangukia juu ya maua ya gauni.

Aliyaokota mojamoja. Aliyasugua yakavunjika vidoleni. "Hili rangi gani?" akauliza, na Nourdine akajibu. "Na hili?" Akajibu. Alijitahidi, aliita manjano ya uzi huu na wekundu wa kitambaa kile, maneno ya fundi wa nguo, na kila alilosema alilisikia likiwa dogo.

Kisha gari jingine likapita kwa kasi, na vumbi likainuka njiani, likawafunika. Mariama alishtuka. Akainua uso, akanusa. Mkono wake ukaenda machoni wenyewe, kama mkono wa mtoto.

"Vumbi," akasema. "Nilisahau vumbi."

"Vumbi gani?"

"Lilikuwapo, Bwana. Lilijaa ndani ya lori. Mama alinikumbatia, akanifunika kwa shiromani yake. Sauti yake hii naisikia." Akajipangusa vumbi usoni. "Ningelikumbuka vumbi, ungejua ni kiangazi. Tungekuja ningali naona. Lakini nilikumbuka gauni."

"Usijilaumu, Mariama. Kosa ni langu. Umemwona? Mama, umemwona?"

Mariama alitikisa kichwa, akakiinamisha juu ya mapaja yaliyojaa majani.

"Aliniambia, 'Fumba macho, mwanangu, vumbi.' Nikafumba. Nilikuwa mtoto msikivu. Njia nzima, Bwana, nilikuwa nimefumba macho. Niliyafumbua mara moja tu, alipocheka."

Majani yaliendelea kuanguka. Hamidou, kule kwenye lori, alikuwa amezima injini na kugeukia upande mwingine. Nourdine akachutama mbele ya mkewe, akaanza kumtoa majani kichwani, moja baada ya jingine, na kila alilolitoa, jingine likaanguka mahali pake.